Natunza farasi kwenye shamba la wageni huku Kusini: kazi yangu ilivyo kutoka alfajiri hadi usiku

SaisiWaKusini (saa 2:10 usiku)

Habari za jioni ndugu zangu wa Kusini na wengine wote.

Nikimtajia mtu kazi yangu, swali linalofuata huwa ni lile lile: "Kwa hiyo kutwa unapanda farasi?" Kesho ni zamu ya mwenzangu kuamka mapema, basi leo nina muda. Naomba niieleze kazi hii, kwanza kwa sababu naipenda, halafu kwa sababu vijana wengi wa kwetu wanaiona ni kuchunga punda wa watu.

Nipo kwenye shamba la wageni pwani, kati ya Mtwara na Lindi. Jina lake naliacha. Kuna nyumba saba za makuti, mikorosho, minazi, na farasi sita. Wageni ni mchanganyiko: watalii wanaoshuka kutoka Kilwa, wafanyakazi wa gesi wa Mtwara wanaokuja mwisho wa wiki na familia zao, na siku za sikukuu watu wa Masasi na Lindi mjini wanaoleta watoto wapande hata mara moja. Mimi mwenyewe ni mwanamke, mzaliwa wa Tandahimba. Nilianzia jikoni, kukuna nazi na kupara samaki. Dirisha la jiko linatazama banda la farasi, na kila siku nilikuwa nawapelekea maganda ya karoti. Saisi (mtunza farasi) mmoja alipoacha kazi nikaomba nafasi yake. Hakuna aliyedhani nitamaliza mwezi.

Naamka saa kumi na nusu alfajiri. Sigusi kitu kwanza. Nasimama mlangoni mwa banda gizani nasikiliza. Farasi mzima anatafuna, anapuliza pua, anahamisha mguu. Banda likiwa kimya kupita kiasi, moyo wangu unashtuka kabla sijawasha tochi. Kisha naingia kwa kila mmoja: kaacha nini kwenye hori, kanywa maji kiasi gani, kakunya mara ngapi na kinyesi kikoje. Napima joto. La kawaida ni kati ya 37.5 na 38.5. Vyote naandika kwenye daftari.

Baada ya hapo ni samadi. Farasi mmoja anatoa kama kilo 20 kwa siku, piga hesabu mara sita. Haibaki bandani wala malishoni, maana minyoo inaanzia hapo. Akina mama wa kijiji cha jirani wanaichukua kwa ajili ya bustani zao za mchicha na bamia, na wao wanatuletea nyasi walizokata. Mpango huo tuliupanga wenyewe kwa mdomo, hauna karatasi, na haujawahi kuvunjika.

Kisha kwato. Kila mguu unanyanyuliwa, unachokolewa kwa chuma, unasuguliwa kwa brashi. Huku kwetu mchanga wenye chembe za matumbawe unajibana kwenye wayo, na masika ikifika unyevu unaozesha ile sehemu laini ya katikati. Unaijua kwa harufu kabla ya macho. Fundi wa kupunguza kwato anakuja kila wiki sita hadi nane, anatoka mbali, na siku yake ni siku kubwa.

Sasa niseme jambo linaloifanya kazi hii iwe ngumu kwetu kuliko kwingine. Farasi hatoki bandani mpaka jua lipande, na lazima arudi ndani kabla ya magharibi, nyuma ya wavu mwembamba. Sababu ni visubi. Vile vidudu vidogo vya usiku ndivyo vinavyoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, na ukimpata farasi asiyechanjwa, mara nyingi hafiki wiki. Basi utasema mchana yuko salama? Mchana kuna mbung'o. Huku ufukweni palipofyekwa na penye upepo ni wachache, lakini ukiingia nao kichakani kilomita chache tu kutoka baharini, unawakuta. Kwa hiyo usiku adui ni mmoja na mchana ni mwingine, na katikati ndimo tunamoishi. Njia za kupanda tumezichora kwa kufuata upepo. Pembeni mwa shamba tumetundika vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyolowekwa dawa, maana rangi ya bluu inamvuta mbung'o kutoka mbali na nyeusi inamfanya atue.

Na hapa naomba niwaambie habari ya Kaskazi.

Kaskazi alikuwa jike wa rangi ya maziwa ya chai, mpole kuliko wote. Mwaka wangu wa kwanza bandani niliona ameacha pumba robo. Siku ya pili akaacha robo tena. Siku ya tatu alikula zote, nikafurahi. Jioni nilipopitisha mkono chini ya tumbo nikahisi uvimbe laini, ukiubonyeza kidole kinaacha shimo. Nikamwambia msimamizi wetu wa wakati ule. Akasema ni joto, mvua ikinyesha atapona. Mimi nilikuwa mgeni, mtu wa jikoni. Nikanyamaza. Homa ya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, inapanda na kushuka, siku moja mnyama anaonekana mzima kabisa, na ndivyo inavyokudanganya. Damu yake ilipopimwa zilikuwa zimepita siku kumi na mbili. Miguu ya nyuma ilikuwa inapishana, ufizi umekuwa mweupe kama karatasi. Alikufa akiwa ameegemea ukuta, hakulala chini, na mimi nilikuwa nimemshika kichwa.

Tangu siku ile nikanunua daftari kwa pesa yangu. Sasa hivi niko kwenye la nne. Sinyamazi tena.

Nitaendelea na habari za wageni. Mwenye swali aulize.

---

Korosho_Daraja1

Dada hongera kwa kazi, lakini niulize kwa nia njema. Wazee walisema shukrani ya punda ni mateke, na farasi ni nduguye punda. Mnyama huyu hatoi maziwa, haliwi, halimi huku kwetu, na kila kidudu kinamuua. Kwa gharama hiyo si bora shamba lifuge ng'ombe na mbuzi, wageni wakanywa maziwa?

---

MwanaMikindani

Uzi mzuri sana. Nikumbushe kitu kinachotuhusu sisi wa pwani hii. Jaribio la kupitisha wanyama kwenye nchi ya mbung'o lilianzia hapa hapa Mikindani. Tarehe 24 Machi 1866 David Livingstone aliteremsha hapa wanyama aliotoka nao Zanzibar: ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama mmoja, nyumbu 2 (wale chotara wa punda na farasi) na punda 4. Alitaka kuona ni mnyama gani atahimili kuumwa na mbung'o. Mwanzoni mwa Aprili msafara ukaondoka kuelekea Ruvuma, na njiani wanyama wakaanza kuisha mmoja baada ya mwingine.

Kinachonigusa ni hiki. Katika shajara yake analalamika kwamba askari aliowachukua India walikuwa wanawapiga wale wanyama, wanawabebesha kupita kiasi na kuwanyima mapumziko. Kwa hiyo jaribio lenyewe likaharibika. Nani angeweza kusema huyu kaangushwa na mbung'o na huyu kaangushwa na fimbo? Nimesoma habari ya Kaskazi nikawakumbuka ngamia wale. Watu wanasema nchi yetu haifai kwa wanyama, kumbe wakati mwingine aliyekosekana ni mtu wa kuwaangalia.

---

SaisiWaKusini

@MwanaMikindani sikuijua habari hiyo, na nimepita Mikindani mara ngapi sijui. Ahsante sana. Nitaieleza kesho kwa wenzangu bandani.

@Korosho_Daraja1 swali lako ni la haki. Hesabu ya ng'ombe ni ya maziwa na nyama. Hesabu ya farasi hapa ni ya mgeni anayekaa siku nne badala ya moja. Watu kumi na tisa wanalipwa na shamba hili, na ukiwauliza wageni walikujaje, wengi wanasema walifuata kupanda farasi baharini. Mateke nimepigwa, mara mbili, na mara zote mbili nilipita nyuma yake bila kusema kitu. Farasi haoni moja kwa moja nyuma ya mkia wake. Ukipita huko unamsemesha na kumwekea mkono kiunoni ili ajue ulipo. Mateke yale sikuyaona kuwa ni ubaya wake, niliyaona ni woga.

---

MzeeWaMifugo

Binti, shikamoo sikudai, lakini nakusalimu. Nimekuwa ofisa mifugo mikoa hii miwili kwa miaka mingi, sasa nimestaafu. Maandishi yako yana jicho la mtu wa kazi. Nina mambo ya kukutahadharisha.

Umetaja pumba. Pumba za mahindi zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno. Ukimlisha farasi pumba nyingi kwa miezi, mwili wake unachota kalisi kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Utaona taya na mifupa ya uso inavimba, anachechemea leo mguu huu kesho ule, na hakuna jeraha. Chakula cha farasi ni nyasi. Mwenye kilo 450 anahitaji kama kilo 9 hadi 11 za chakula kikavu kwa siku, na sehemu kubwa iwe nyasi. Kama pumba hazikwepeki, changanya na chokaa ya mifugo, na muulize daktari kipimo.

La pili, mahindi yenye kuvu. Ng'ombe anaweza kuyala ukaona hakuna kitu. Farasi yanamharibu ubongo, anazunguka kama kipofu na kufa ndani ya siku chache. Gunia likinuka uvundo, litupwe, hata kama bosi anakasirika.

La tatu, msije mkamchoma wenyewe sindano ya diminazini, ile dawa ya nagana, kwa kuwa mmezoea kuwachoma ng'ombe. Farasi na punda wanaivumilia kidogo sana. Kipimo kikizidi unamuua kwa dawa.

Nasema pia bila kuficha: mimi sishauri mtu aanzishe farasi Kusini kama hana daktari wa kumwita usiku. Mwenye shamba anayetaka sura ya farasi kwenye picha bila kulipia daktari anamwonea kiumbe.

---

SaisiWaKusini

Marahaba siwezi kukujibu mzee wangu, wacha niseme shikamoo. Hilo la pumba limenipiga. Mwaka jana nyasi zilipopanda bei tuliongezewa pumba kwa miezi mitatu, na farasi mmoja alichechemea bila jeraha, tukamlaumu mchanga. Kesho asubuhi naanza kuwapapasa taya wote sita.

Hilo la daktari nakubaliana nawe moja kwa moja. Tunaye mmoja mjini anayekuja hata usiku, lakini makubaliano hayo yalikuja baada ya Kaskazi.

Kuhusu mchanga kuna kitu tulifundishana wenyewe. Farasi akilishwa chini ufukweni anameza mchanga kidogo kidogo, unajikusanya tumboni. Kwa hiyo nyasi zote zinawekwa kwenye hori, na kila Jumamosi nachukua kinyesi katikati ya fungu, pasipogusa chini, nakikoroga kwenye chupa ya plastiki yenye maji. Mchanga ukitua chini kama kidole, tunajua.

---

BintiNewala

Dada yangu, mimi nataka kujua ya nyumbani. Wajomba walisemaje? Kwetu hata kupanda baiskeli nilipokuwa msichana kulikuwa na maneno.

---

SaisiWaKusini

@BintiNewala mjomba wangu hakunisemesha miezi minne. Alisema mpwa wake hawezi kukaa kwa wageni anapanua miguu juu ya mnyama. Bibi ndiye aliyekuja. Alipanda basi peke yake kutoka Tandahimba na furushi la ming'oko, akakaa kwenye kigogo nje ya banda kutwa nzima, hakusema kitu. Alinitazama nikizoa samadi, nikichota maji, nikimkanda mmoja mguu kwa maji ya bahari. Jioni akasema, "Kumbe ni kulea." Akarudi, akazungumza na mjomba. Sijui walisemezana nini, lakini mwezi uliofuata mjomba alinipigia simu kuulizia kama farasi wanakula majani ya mihogo. Nikamwambia hapana mjomba, hayo yakiwa mabichi yana sumu, na nikafurahi sana kwamba ameuliza.

Nimekumbuka na jambo la jando. Mwezi wa sita na wa saba wari wakitoka, ngoma zinapita barabara ya shamba. Mwaka wa kwanza farasi wetu Tausi alivunja uzio akakimbia shoti mpaka kwenye mikoko. Tungeweza kwenda kuwaomba watu wapite kwingine, lakini barabara ni yao na sherehe ni yao. Tulichofanya, tuliwaomba vijana wawili wapigaji waje mapema, mwezi wa nne, wakae mbali wapige polepole wakati farasi wanakula, na kila siku wasogee hatua kumi. Wiki tatu. Siku hizi msafara ukipita Tausi ananyanyua kichwa, anasikiliza, anarudi kwenye nyasi.

---

Usariver_Zamani

Nimefanya kazi hiyo Arusha miaka sita, nakusalimu mwenzangu. Huko kwetu baridi ilikuwa inatusaidia, visubi vilikuwa vinapungua. Nyie wa pwani mna kazi. Hebu tueleze habari ya wageni, maana kwangu mimi farasi hawakunichosha, walionichosha ni watu. Uzito mnafanyaje?

---

SaisiWaKusini

@Usariver_Zamani karibu sana mwenzangu. Kwanza maji. Kupanda ufukweni kunafuata bahari, hakufuati saa ya mgeni. Siku za bamvua maji yanapwa mbali, mchanga unakuwa mpana na mgumu, farasi anakwenda matiti (mbio ndogo) bila kuzama. Lakini bamvua huku kwetu maji yanapwa sana kuelekea saa nne na saa tano asubuhi, jua limeshawaka. Siku za maji mafu ufukwe ni mwembamba, mchanga laini, na mchanga laini unaumiza kano za miguu. Kwa hiyo kuna siku namwambia mgeni aliyesafiri kutoka mbali kwamba leo ni hatua za kawaida tu, chini ya minazi, nusu saa. Wengine wananuna.

Uzito kanuni yetu ni sehemu moja ya tano: mtu na tandiko pamoja wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Wa kilo 450 anabeba 90, na tandiko lenyewe linakula kama kumi. Mwezi uliopita alikuja baba mmoja mtu mzima, mwenye heshima zake, na mkewe na wajukuu. Alikuwa ameshavaa kofia ngumu, amesimama karibu na farasi wetu Pembe anampapasa. Niliona kwa jicho kwamba hawezekani. Huwezi kumwambia mtu wa umri ule mbele ya wajukuu zake panda kwenye mizani. Nikamwita pembeni, nikamsalimu tena, nikamwambia, "Baba, huyu Pembe mgongo wake una kidonda cha zamani, nikikupandisha nitamwumiza, na nikimwumiza nitakosa usingizi. Lakini wajukuu wanahitaji mtu wa kushika hatamu, na farasi huyu anamtii mtu mzima." Lile la mgongo ni kweli, ana kovu la tandiko bovu. Alinielewa kabla sijamaliza. Akamwongoza Pembe kwa miguu ufukwe mzima, mjukuu juu, suruali imekunjwa hadi magotini. Aliporudi alikuwa na macho mekundu, akaniambia baba yake alikuwa mchunga ngamia. Sikuuliza wapi.

Kuhusu mgongo: kila tandiko kabla ya kufungwa napitisha kiganja chini yake lote. Chembe moja ya mchanga, saa moja ya kupandwa, na kesho una kidonda. Wageni wanaona nawachelewesha.

Na salfa, nisisahau. Mwezi wa sita hadi wa nane mashamba jirani yanapopuliziwa salfa kwa ajili ya ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, vumbi la njano linakuja na kusi. Linawawasha macho na mapafu. Tumekubaliana na majirani watuambie jioni kabla ya kupuliza, sisi tunawahamishia wote upande unakotoka upepo, na nyasi za chini ya mikorosho iliyopuliziwa hatukati mpaka

Samahanini. Naitwa bandani.

---

SaisiWaKusini (saa 4:35 usiku)

Pembe anagaragara. Anatazama ubavu wake. Nimebandika sikio tumboni, upande wa kulia kimya kabisa. Mapigo 60. Daktari nimeshampigia, anatoka mjini. Ombeni.

---

MzeeWaMifugo

Binti, toa chakula chote bandani. Mtembeze taratibu kama anataka kujirusha chini, akisimama kimya mwache asimame. Usimnyweshe kitu kwa chupa, kitaingia mapafuni. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo gesi na majimaji vikijaa tumboni vinaweza kulipasua. Mwambie daktari aje na mrija wa puani. Bonyeza ufizi, hesabu, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Niko macho.

---

Korosho_Daraja1

Tuko pamoja dada.

---

SaisiWaKusini (saa 6:20 usiku)

Ufizi sekunde tatu. Daktari kafika sasa hivi.

---

BintiNewala

Mungu amsaidie. Mimi silali.

---

Usariver_Zamani

Mwenzangu, kaa karibu na kichwa chake, wasikupe kazi ya miguu ya nyuma. Akiumwa hajui ni nani.

---

MwanaMikindani

Kuna habari?

---

SaisiWaKusini (saa 11:50 alfajiri)

Mzima.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ndoo, mikono inatetemeka, mtanisamehe nikikosea. Daktari alipitisha mrija puani hadi tumboni, na gesi iliyotoka ilikuwa inanuka pombe. Sote tulisikia. Akampa fluniksini ya maumivu kwenye mshipa, akampitishia maji na mafuta ya parafini ya hospitali (siyo mafuta ya taa) kwenye ule mrija. Akaniambia, kama asubuhi hajakunya tuzungumze mambo mengine, na mambo mengine hapa hayapo, hospitali ya kumpasua farasi haipo karibu nasi. Nikaendelea kumtembeza, hatua hamsini kwenda, hamsini kurudi, chini ya ule mkorosho mkubwa. Saa tisa akasimama, nikamwekea sikio, nikasikia mlio kama maji yanayopita kwenye kibuyu. Saa kumi na robo akakunya. Kidogo, laini, na ndani yake vipande vya mabibo, yale matunda ya mkorosho.

Mnajua huu ni msimu wa korosho. Bibi jirani yetu anakamua mabibo kwa ajili ya uraka, pombe ya mabibo, na jana alimwaga machicha karibu na uzio. Jioni tulipokuwa tunawaingiza kabla ya magharibi, Pembe alibaki nyuma kwenye kona ile. Nilimwona. Niliandika kwenye daftari: "Pembe kachelewa kuingia, kona ya kusini, dakika kama kumi." Nilipompigia daktari ndicho kitu cha kwanza nilichomsomea, na yeye ndiye aliyesema kamuulize jirani kuna nini kwenye kona hiyo. Mlinzi alikwenda na tochi akarudi na konzi ya machicha.

Bibi mwenyewe amekuja sasa hivi baada ya swala ya alfajiri, kasikia. Amesikitika mpaka nikaanza kumbembeleza mimi. Nimemwambia bibi hukukosea, ni ardhi yako, sisi ndio hatukukwambia. Tumekubaliana machicha yatafukiwa shimoni upande wa pili, shimo tutalichimba sisi, na tuta la mbolea la kwanza la wiki hii ni lake.

---

MzeeWaMifugo

Alhamdulillahi. Leo asile kitu mpaka daktari aruhusu, kisha nyasi konzi moja moja. Maji awe nayo muda wote. Angalia kwato zake kwa siku tatu: farasi aliyekula vitu vitamu kupita kiasi tumboni anaweza kuumwa na miguu baadaye. Weka kiganja kwenye kwato za mbele, zikiwa na moto kuliko jana piga simu usisubiri.

Na hilo daftari, binti, ukipata mtu wa kukusaidia lichapishwe hata kama ni kurasa za kudurufu. Maofisa wetu vijana hawajawahi kumgusa farasi.

---

Korosho_Daraja1

Dada, nina mdogo wangu kamaliza kidato cha nne, yupo tu nyumbani Ruangwa. Anapenda wanyama. Mnapokea?

---

SaisiWaKusini

@MzeeWaMifugo nimeshika kwato zake sasa hivi, zote nne baridi. Nitashika tena saa sita.

@Korosho_Daraja1 mwambie anitumie ujumbe. Sitamwahidi ajira, hilo si langu, lakini wiki mbili za kujifunza naweza kumwombea. Aje na viatu vilivyofunika vidole, na daftari. Wiki ya kwanza hatapanda. Atasimama na mimi mlangoni saa kumi na nusu, tutasikiliza, kisha nitamuuliza amesikia farasi wangapi wanatafuna.

Naona mwenzangu anakuja na ndoo. Nakwenda kupima joto la Pembe, kisha nilale.